Mama yako anafanya kazi gani? Hesabu ya mkeka mmoja

Mwaka wa kwanza, nilipokuwa najaza fomu ya mkopo, nilifika kwenye kisanduku cha "kazi ya mama". Sikufikiri hata kidogo. Niliandika: hana. Kwa baba niliandika mvuvi, nikasonga mbele. Ungeniuliza siku ile ningekujibu bila kupepesa macho kwamba mama yangu yuko nyumbani tu.

Nadhani si mimi peke yangu. Nimewauliza washikaji kadhaa hapa hall, na majibu ni yaleyale: "Maza yupo tu home", "mama wa nyumbani", "hafanyi kitu". Ukimbana mwenzako kidogo anakumbuka kwamba huyo asiyefanya kitu anafuma vitambaa vya makochi, au anashona mashuka, au anafinyanga vyungu, au anauza maandazi saa kumi na mbili asubuhi. Lakini kwenye fomu, hana.

Makala hii ni ya kueleza kitu kimoja tu kinachotengenezwa nyumbani kwetu, wilaya ya Pangani, mkoa wa Tanga: mkeka wa ukindu. Nitakueleza unavyotengenezwa toka mtini hadi sakafuni, kisha tupige hesabu yake. Mimi niliipiga kwa kuchelewa, na nitakwambia kwa nini.

Mkeka ulioniponza

Mwaka wa pili bumu lilichelewa, na ripoti ya fildi ilikuwa inatakiwa imechapwa na kubandikwa jalada. Mfukoni sina kitu. Kitandani kwangu, chini ya godoro, kulikuwa na mkeka niliopewa na mama siku naondoka nyumbani, futi nne kwa sita, mweupe wenye milia ya zambarau na kijani. Jamaa wa chumba cha tatu alikuwa anautamani muda mrefu. Nikamwambia elfu hamsini, akasema ishirini na tano, tukakutana kwenye thelathini na tano. Ripoti ikaenda, nikala chipsi mayai siku mbili mfululizo, nikaona nimetoboa.

Likizo nikarudi nyumbani. Usiku wa pili tumekaa uani tunakula, mama akaniuliza:

"Na ule mkeka wako, bado mzima?"

"Mama, niliuuza. Nilikwama."

Mdogo wangu wa kike akaacha kula. "Bei gani, kaka?"

"Thelathini na tano."

Mama akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akala. Halafu akasema, "Si vibaya. Huku wangekupa thelathini." Nikajua yameisha. Tulipokuwa tunanawa mikono akaongeza, "Basi kesho tutakwenda wote kukata ukindu. Utanisaidia kuanza mwingine."

Miaka ishirini na mbili nimelala juu ya mikeka ya mama yangu, na sikuwa nimewahi kwenda naye kukata ukindu. Nilikuwa mvulana, na kwetu ukili ni shughuli ya wanawake. Wanaume wana madema ya kuvulia samaki, wana nyavu. Tulipotoka asubuhi na panga dogo, majirani wawili waliniuliza kama nimeugua.

Kwanza, mkindu

Mkindu ni jamii ya mtende. Unaota kwenye unyevunyevu: kando ya mito, mabondeni, pembezoni mwa vinamasi. Hauoti shina moja kama mnazi. Unaota kwa kundi, mashina kadhaa pamoja. Hilo ni jambo la kukumbuka, maana ndiyo sababu mtu anaweza kukata leo, akakata mwakani, na kichaka bado kipo.

Kinachokatwa ni kuti changa, lile la katikati ambalo halijafunguka, limesimama kama mkuki. Makuti yaliyokwisha kufunguka yana rangi ya kijani na yamekakamaa, hayafai. Changa ni jeupe kwa ndani na laini. Tatizo ni kwamba ili ulifikie lazima upenye katikati ya makuti makubwa, na mkindu kule chini kwenye kikonyo una miiba mirefu, mikali kama sindano ya sindano za hospitali. Mama aliingiza mkono kwa pembeni, akainamisha, akakata, akatoa. Mimi nilitoka na mistari mitatu ya damu mkononi kwa kuti moja.

Kuna sheria pia, ingawa haijaandikwa popote. Hukati chini sana, kwa sababu ukigusa moyo wa shina lile limekufa. Na ukikuta shina ambalo mwenzako amekata juzi, unalipita, unalipa nafasi lichipue. Nikamuuliza mama nani aliwafundisha. Akasema, "Atufundishe nani? Usipofanya hivyo mwakani unatembea mbali zaidi."

Hapohapo niseme kitu kwa wale wanaochanganya: ukindu si miyaa. Miyaa inatoka kwenye mkoma, ni migumu zaidi, na ndiyo inayotumika sana kwa majamvi, makanda na vikapu vya kubebea mizigo. Ukindu ni wa mikeka ya ndani, ile ya kulalia na kukalia wageni.

Kuanika, kuchana, kutia rangi

Ukifika nyumbani unaachanisha vijani vya kuti kimoja kimoja, unatoa uti wa katikati, unaanika juani. Siku tatu nne, kutegemea jua. Usiku unaingiza ndani ili umande usije ukaacha madoa meusi. Ukindu ukikauka vizuri unakuwa na rangi ya maziwa yaliyochemka.

Kisha kuchana. Kila kijani kinachanwa kwa urefu kuwa vipande vyembamba vinavyoitwa chane. Mama anatumia ukucha wa kidole gumba na sindano. Chane zote za ukili mmoja lazima zilingane upana, vinginevyo ukili utakuwa na vimo. Hana rula. Anachukua chane ya kwanza, anaiweka juu ya goti, na zote zinazofuata anazilinganisha nayo kwa kidole tu, huku macho yako kwenye sufuria la maharage.

Rangi siku hizi ni za unga, zinauzwa dukani kwa pakiti. Maji yanachemka kwenye debe, unatia rangi na chumvi kidogo, unatumbukiza mafungu ya chane zilizokwisha kulowekwa, unageuza kwa kijiti. Ukitoa unaanika kivulini, maana jua kali linapausha. Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa akitumia manjano kupata rangi ya njano, magome ya mikoko kupata wekundu wa kahawia, na mizizi ya mdaa kupata weusi. Mama anajua jinsi ya kuzipika hizo zote, ila anasema za dukani zinamwokolea kuni na muda.

Ukili: hapa ndipo penye hesabu

Watu wengi wanadhani mkeka unasukwa mzima mzima kama kitambaa kwenye mtambo. Mkeka wa pwani hauko hivyo. Kinachosukwa ni ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, na baadaye tepe hizo zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane mkeka. Ndiyo maana ukiutazama mkeka kwa karibu unaona mistari ya mshono ikienda sambamba toka mwanzo hadi mwisho.

Mama anaanza na chane kumi na tatu. Kila chane inakwenda mshazari kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ikipita juu ya mbili, chini ya mbili. Ikifika ukingoni inakunjwa na kurudi kwa mshazari wa upande mwingine. Chane ikikaribia kwisha unachomeka nyingine juu yake kabla haijaisha, unaendelea. Ncha zinazochomoza zinakatwa mwishoni. Kwa hiyo ukili hauna mwisho wa lazima. Unaweza kuusuka mwezi mzima, unauzungusha kama bandeji, unauweka kapuni, kesho unauchukua unaendelea ulipoishia.

Sasa angalia suala la rangi. Chane ya zambarau haikai mahali pamoja. Inatembea upinde upinde kutoka ukingo hadi ukingo. Pambo utakaloliona linategemea mambo mawili: idadi ya chane zote, na zile za rangi uliziweka nafasi ya ngapi mwanzoni. Ukikosea nafasi moja pale mwanzo, kosa halibaki pale. Linajirudia kila baada ya hatua zilezile mpaka mwisho wa ukili. Na kwa kuwa tepe zitashonwa pamoja, mama lazima ajue tangu sasa kwamba milia ya utepe huu itakutana vipi na milia ya utepe wa jirani. Anapanga mapambo ya kitu ambacho bado hakipo, kichwani, bila karatasi.

Jirani zetu wa Msumbiji wana kitu cha aina hii. Kule Inhambane kina mama husuka vikoba viitwavyo sipatsi, vyenye mapambo ya kuzunguka. Mwanahisabati Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha miaka mingi Maputo, alivichunguza akaonyesha jambo ambalo wasukaji walikuwa wanalifanya siku zote: ili pambo lizunguke kikoba na kukutana na mwanzo wake bila kukatika, idadi ya chane lazima igawanyike kamili kwa idadi ya chane zinazotengeneza pambo moja. Hiyo ni namba na vigawe vyake. Mimi nilifundishwa vigawe darasani nikiwa nimekalia mkeka, yaani nilifanya homuweki ya vigawe juu ya vigawe, na mwalimu wangu wa pili alikuwa ameketi pembeni anasuka. Hakuna aliyeniambia.

Basi nikaanza kusuka. Dakika arobaini nikawa nimepata shubiri moja, na hiyo shubiri ilikuwa imepinda kama ndizi. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama akautazama akasema, "Unavuta mkono wa kulia peke yake." Akafumua wote. Nikaanza upya.

Shazia na pindo

Ukili ukishatosha unapimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu futi sita. Ukili wa mama una upana wa inchi mbili hivi. Mkeka wa futi nne kwa sita unahitaji tepe ishirini na nne za pima moja moja. Pima ishirini na nne za ukili!

Kushona kunafanywa kwa sindano kubwa iitwayo shazia, na uzi wa katani au wa ukindu wenyewe uliosokotwa. Unapitisha kwenye kingo za tepe mbili, unakaza, lakini usikaze mno maana mkeka utajikunja na hautalala vizuri chini. Mwisho linawekwa pindo pande zote ili usifumuke, ncha zinakatwa, mkeka unalowanishwa kidogo na kutandazwa, unakanyagwa hadi unyooke.

Sasa tupige hesabu

Nilirudi na daftari. Mkeka ule tulioanza wote niliufuatilia kwa saa ya simu, kila hatua, kwa mikono ya mama na si yangu. Nilipata hivi:

Kukata ukindu na kurudi nyumbani: saa 4.
Kuachanisha na kuchana chane: saa 5.
Kutia rangi: saa 3.
Kusuka ukili, pima 24, kila pima saa moja na nusu: saa 36.
Kushona: saa 8.
Pindo na kumalizia: saa 2.

Jumla saa 58. Siku za kuanika sijahesabu kwa sababu kazi hiyo inafanywa na jua.

Gharama: rangi 4,000, uzi 2,000. Ukiuza kwa 35,000 unabaki na 29,000. Gawanya kwa saa 58. Unapata shilingi 500 kwa saa. Saa nzima ya mtu anayejua kusoma kichaka, kupika rangi na kupanga mapambo kichwani ni bei ya chapati moja hapa kantini.

Na mimi nilipokuwa nabishana bei na jamaa wa chumba cha tatu, kila elfu tano niliyoshusha ilikuwa ni saa kumi za mama. Nilishusha elfu kumi na tano. Wakati ule niliona nimemfanyia mshikaji ofa.

Wasomi wanasemaje

Kijana mmoja wa uchumi tunayekaa naye chumbani aliiona hesabu yangu, tukabishana usiku mzima. Baadhi ya aliyonieleza, na niliyokwenda kuyasoma mwenyewe, ni haya.

Mwaka 1934 mwanauchumi Margaret Reid aliandika kitabu kuhusu uzalishaji wa nyumbani. Alitoa kipimo rahisi: kama jambo unalofanya nyumbani lingeweza kufanywa na mtu mwingine ukamlipa, basi hiyo ni kazi. Kula chakula hakuna anayeweza kukusaidia. Kukipika, yupo. Kulala juu ya mkeka ni wewe. Kuusuka, unaweza kumlipa mtu. Jaribu kipimo hicho kwa mambo anayofanya mama yako kutoka alfajiri mpaka saa nne usiku.

Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa nazo zina jambo la kushangaza. Mkeka uliosukwa nyumbani, hata ukitandikwa humohumo bila kuuzwa, kwa kanuni unastahili kuhesabiwa kwenye pato la taifa kwa sababu ni bidhaa. Lakini kupika, kufagia, kuogesha mtoto na kumuuguza mgonjwa wa nyumbani bila malipo havimo. Kwa hiyo mama akiwa anasuka huku anachochea maharage, mkono mmoja uko ndani ya pato la taifa, mwingine uko nje.

Oktoba 2013, kwenye mkutano wao wa 19 uliofanyika Geneva, wanatakwimu wa kazi wa kimataifa walikubaliana maana mpya ya neno kazi, ambayo inajumuisha hata ile isiyolipwa inayofanywa kwa ajili ya nyumba yako mwenyewe. Na hapa kwetu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliwauliza watu jinsi wanavyotumia saa za siku yao katika utafiti wa nguvukazi wa 2006, na tena 2014. Maana yake ni kwamba serikali ilishaanza kuuliza mama anafanya nini saa ngapi. Mimi mwanawe nilikuwa bado naandika hana.

Hesabu yangu ilivyokosea

Nilimsomea mama ile hesabu ya shilingi 500. Nilidhani atakasirika, au atanikubalia kwamba tunaibiwa. Akaniuliza, "Hizo saa thelathini na sita za kusuka, ulikuwa unaniona nasuka tu?"

Ni kweli. Ndani ya saa zile alipika, alimtuliza mtoto wa jirani, alimsikiliza mdogo wangu akisoma barua ya kuomba kazi, alipokea wageni wawili wa posa ya binti wa shangazi. Ukili ni kazi ya pembeni ya kazi nyingine. Ndiyo maana kina mama wanaupenda: hauhitaji meza, hauhitaji umeme, unausimamisha popote na unauanza popote.

Tena mikeka mingi ya kwetu haiuzwi kabisa. Mmoja unakwenda kwa bibi harusi. Mmoja analaliwa mtoto mchanga. Kukiwa na msiba, kila mwanamke anakuja na wake kwapani, unatandikwa pamoja na ya wenzake, watu wanapata pa kukaa. Matanga yakiisha anarudi nao. Hapo bei yake ni nini? Sijui, na mama hataki kuijua.

Nalisema hili kwa sababu hapa chuoni tuna ugonjwa mmoja. Kila kitu kikionekana kizuri tunasema "hii ni fursa". Semina za ujasiriamali hazituishi. Sikatai biashara, mkeka mzuri ukipata mnunuzi anayelipa vizuri ni heri. Lakini nyumba ya kawaida inaendeshwa na vitu vingi ambavyo havikutengenezwa viuzwe. Nyumbani kwetu nilizunguka na daftari nikaandika: kawa la kufunikia chakula, kipepeo cha kupepea moto, kifumbu cha kuchujia tui, kata ya kifuu cha nazi, fagio la chelewa, mito ya sufi, koroboi ya kopo la maziwa, pazia lililotoka kwenye doti ya khanga iliyochakaa. Vitu nane, kila kimoja kimetengenezwa na mtu ninayemjua kwa jina. Ungevinunua vyote dukani ungetoa bumu la wiki mbili, na usingejua kuvitengeneza vikiharibika.

Na zipo sababu za kuona haraka. Mikeka ya plastiki ya viwandani imejaa madukani, inang'aa, ni bei nafuu, na mtoto akikojoa unaifuta tu. Siwalaumu wanaoinunua. Ila kijijini kwetu wanaojua kuanza ukili wa mapambo sasa ni watu wazima watupu, na macho ya mama siku hizi yanamsumbua jioni.

Aliyelipa

Nimeacha jambo la mwisho kwa makusudi, kwa sababu ni gumu kwangu.

Nilipokuwa kidato cha tano na sita nilisoma bweni, mbali. Nauli, godoro, sare, michango na daftari vilitoka nyumbani. Uvuvi una miezi yake mibaya. Baba kuna wiki anarudi na samaki wa mboga tu. Nikamuuliza mama, miaka ile miwili mliuza mikeka mingapi? Akakaa na mdogo wangu, wakaikumbuka mmoja mmoja, nani aliuchukua na rangi gani. Wakafika ishirini na miwili.

Kwa bei ya leo ni shilingi 638,000. Kwa saa ni 1,276. Nikauliza nani alikuwa anasuka. Mama akasema, "Nusu kwa nusu." Nusu ya 1,276 ni 638. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea namba. Saa 638 za mdogo wangu, jioni na usiku, akiwa kidato cha tatu na cha nne, wakati wenzake wanapiga msuli. Matokeo yake ya kidato cha nne hayakuwa mazuri. Nyumbani tulisema hakuwa na kichwa cha shule. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Nilimwonyesha daftari. Alisoma kimya, halafu akasema, "Kaka, basi na mimi ungeniandika kwenye ile fomu yako." Akacheka. Mimi sikuweza.

Anataka kusoma ushonaji VETA. Vipimo anavijua, mapambo anayajua, mkono wake umenyooka kuliko cherehani. Tumekubaliana kwamba kila bumu likiingia natoa fungu lake kwanza kabla sijagusa kingine. Si msaada huo. Ni deni, na bado sijafika hata robo.

Likizo hii, jaribu hivi

Sikuombi uanze kusuka mikeka. Kwenu huenda ni vitambaa vya kufuma, vyungu, vikapu vya mkonge, au nguo za mitumba zinazofumuliwa na kushonwa upya. Chagua kitu kimoja kilichotengenezwa na mtu wa nyumbani kwenu, ufanye mambo manne.

Kifuate toka mwanzo, si toka katikati. Nenda kichakani, nenda mtoni kwenye udongo, nenda sokoni kwenye mafungu ya mitumba. Kama wewe ni mvulana na kitu hicho ni cha wanawake, nenda hivyohivyo. Utaulizwa kama umeugua, utajibu hujaugua.

Kaa ufanye kwa mikono yako, hata shubiri moja. Saa za mtu mwingine hazina uzito mpaka vidole vyako viume.

Andika saa, gharama na bei. Andika na majina ya hatua na vifaa kama wanavyoyaita wenyewe: chane, pima, shazia, pindo. Maneno hayo yakipotea, na namna ya kufanya inapotea.

Halafu uliza nani alifanya, na fedha ilikwenda kumsomesha nani. Hili la mwisho usiliulize mbele ya wageni.

Ukili wangu upo hapa chini ya kitanda, kwenye mfuko wa rambo. Umefika pima tatu na nusu na sasa haupindi sana. Jamaa wa chumba cha tatu amekataa kuniuzia ule mkeka wa kwanza. Anasema ameuzoea mgongo wake, na kwamba hata nikimpa elfu hamsini hautoki.